Kasamaki ka Buja na Laini Mbili za Ubabe

Leo tubonge luku, na naanza na chali mwenye anajua kuvaa kuliko wote hapa kwetu Buja. Hakai Rohero wala Kinindo. Keja yake iko kwa maji ya goti, pembeni ya Ziwa Tanganyika, pale karibu na mto Rusizi unamwaga maji ziwani. Ni samaki, anatoshea kwa kiganja, na jina lake la kisayansi ni Astatotilapia burtoni.

Cheki venye ametokea. Mwili wote unawaka, samawati ama manjano. Kuna mstari mweusi umeshuka kutoka kwa jicho hadi kona ya mdomo. Nyuma ya shavu kuna kiraka cha rangi ya machungwa. Alafu kwa lile pezi la chini, karibu na mkia, madoa ya manjano yamepangwa moja moja, na kila doa limezungushiwa duara. Huyo ndio mdosi. Ako na ploti yake kwa mchanga, amechimba shimo, na chali mwingine akisogea anapanua mapezi yote na kumsindikiza mbio hadi mpakani.

Sasa cheki yule mwingine kando. Amepauka, mstari hana, madoa hayaonekani vizuri, anazunguka tu na kundi la madem na hakuna mwenye anashughulika naye. Ungeapa ni samaki wa aina ingine. Kumbe ni yule yule, pengine hata ni ndugu ya mdosi, ni vile tu amekosa ploti. Na hapa ndio stori inaanza kunibamba. Mtoe mdosi, na huyu mpaukaji anageuka ndani ya dakika chache. Mstari unatokea, rangi inawaka, anaanza kufukuza wenzake kwa ploti mpya. Zikipita siku kadhaa hata ubongo wake umebadilika. Kuna seli kule ndani zinatoa homoni inaitwa GnRH, yenye inaamsha mambo yote ya kuzaa, na kwa wadosi hizo seli hufika ukubwa wa mara 8 ukilinganisha na za wapaukaji. Akipokonywa ploti, safari inarudi nyuma. Rangi inazima, seli zinapungua, anarudi kwa kundi.

Msee wa kumjua huyu kasamaki vizuri ni Russell Fernald, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1977 yeye na mwenzake Hirata walichapisha venye waliwachunguza hawa samaki huku ziwani kwenyewe. Mwaka 2007 timu yake ikaonyesha kitu kilinimaliza. Walimweka chali mmoja atazame wenzake watano wakipigana wawili wawili. A anamshinda B, B anamshinda C, C anamshinda D, D anamshinda E. Alafu wakampa achague akae karibu na B ama D, wawili wenye hajawahi kuona wakikutana. Alienda kwa D, mnyonge. Yaani alikaa pale, akapiga hesabu ya nani ni nani mtaani, na akajua wa kuogopa bila kurushiwa hata ngumi moja. Wale wanasema samaki hana akili hawajawahi kumwangalia huyu.

Sasa, ubabe wote huo unaendeshwa na nini? Unaanzia kwa ujumbe. Ndani ya mwili wa chali kuna homoni za androjeni, testosteroni na wenzake, zinatembea kwa damu zikipita kila mahali. Zikiwa kwa damu peke yake hazifanyi kitu. Lazima kuwe na kipokezi ndani ya seli, protini yenye umbo la kuishika hiyo homoni. Ikishaishika, inaingia nayo hadi kwa DNA na kuwasha jeni fulani, kuzima zingine. Seli yenye haina kipokezi, ujumbe unapita hapo nje na haisikii chochote. Kwa hivyo ukitaka kujua nani anasikia ujumbe gani mwilini, usihesabu homoni, hesabu vipokezi.

Mimi na wewe tuna jeni moja tu ya kipokezi cha androjeni. Iko kwa kromosomu X, ile machali hupewa na mama. Kasamaki ka Buja kako na mbili, AR alfa na AR beta, na zote zinafanya wera.

Hiyo ya pili ilitoka wapi? Ilinakiliwa. Kuna Mjapani mmoja, Susumu Ohno, mwaka 1970 aliandika kitabu kizima kuhusu hii kitu. Point yake ilikuwa safi sana. Jeni ikiwa moja na ina kazi muhimu, haiwezi kubadilika kiholela, juu ikiharibika mwenyewe anadedi. Lakini ikitokea ajali wakati DNA inanakiliwa, na jeni ikawa na kopi mbili, basi moja inaendelea na kazi ya kitambo na ile ingine inapata uhuru.

Karibu kila msee hapa mtaani Buyenzi ana simu ya laini mbili, kwa hivyo hii mnaielewa bila odijo. Laini ya kwanza ndio iko kwa mama, kwa mdosi wa kazi, kwa Lumicash. Hiyo huwezi kuichezea, ukiizima leo umepotea. Ya pili uko huru nayo. Unaweza kuiacha tu bila kuijaza hadi kampuni inaifunga, na hiyo ndio hutokea kwa jeni nyingi zilizonakiliwa, zinaharibika na kuisha. Unaweza kuipea kazi mpya kabisa yenye ile ya kwanza haijawahi kufanya. Ama unagawa kazi ya kitambo, moja inabaki ya kupiga simu, ingine inakuwa ya mtandao, na kuanzia hapo unazihitaji zote mbili. Jeni pia ziko na hizo njia tatu. Na kila moja imetokea kwa wanyama wenye uti wa mgongo, wewe ukiwemo.

Kwa mababu zetu haikuwa jeni moja moja tu. Karibu miaka milioni 500 iliyopita, huko baharini, kuna viumbe walinakili DNA yao yote, jenomu nzima, na baadaye kwa ukoo wa wenye taya hilo jambo likarudiwa. Ushahidi uko wazi kwa jeni za Hox, zile zinapanga mwili uanzie kichwa uishie mkia. Kuna kiumbe kadogo ka mchangani baharini, amfioksasi, ni jamaa wa mbali wa wenye uti wa mgongo, na ako na fungu moja la hizo jeni. Binadamu ako na manne. Samaki wa kawaida wenye mifupa walinakili tena mara ya tatu, miaka zaidi ya milioni 300 iliyopita, na hapo mafungu yalitakiwa kuwa manane. Kwa burtoni wetu yamehesabiwa saba. Moja lilipotea njiani, laini ilifungwa.

Ukichukua hizo hesabu uzipeleke kwa vipokezi, picha inajitokeza yenyewe. Binadamu ako na vipokezi sita vya ukoo mmoja, viwili vya estrojeni, kimoja cha projesteroni, kimoja cha androjeni, kimoja cha kortisoli ya stresi, na kimoja cha kupanga chumvi mwilini. Vyote sita vimetoka kwa kipokezi kimoja cha kitambo kilichonakiliwa tena na tena. Yaani mimba, ndevu, stresi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja.

Kuna mfano mwingine naupenda zaidi, juu naweza kuuona nikitembea tu mtaani. Ramadhani ikiingia Buyenzi, joto la Buja likiwa pale pale, msee amefunga tangu alfajiri na hajaguza maji. Ubongo wake unatuma vasopresini, homoni ya kuambia figo zishike maji zisiyaachilie. Nyumba ya pili kuna mama ananyonyesha, na yeye ubongo wake unatuma oksitosini, yenye inafanya maziwa yatoke na yenye ilisukuma tumbo la uzazi siku mtoto alikuja. Kila moja ya hizo homoni ni mnyororo wa vipande tisa tu. Vipande saba vinafanana, viwili ndio tofauti. Jeni zao bado zimekaa jirani kwa kromosomu moja, vile zilinakiliwa kutoka kwa jeni moja ya kitambo. Samaki wa mtoni asiye na taya, lampre, ako na homoni moja ya huo ukoo hadi leo. Maji ya msee aliyefunga na maziwa ya mtoto wa jirani, zamani zilikuwa laini moja.

Sawa, turudi kwa kasamaki. Mwaka 2020 Beau Alward, Fernald na wenzao walitoa kazi kwa jarida la PNAS, na kama kuna utafiti mmoja wa huyu samaki nataka ukae kwa kichwa chako, ni huu. Walitumia CRISPR, ile njia ya kukata DNA mahali unapotaka, wakapata machali wenye AR alfa imezimwa, na machali wenye AR beta imezimwa. Alafu wakakaa wakawatazama.

Chali asiye na AR beta hakuwaka. Alibaki amepauka, na korodani zake hazikukua. Lakini tabia za mdosi alikuwa nazo, alikatia madem na kuwatunishia wengine mapezi. Yaani kichwa kilikuwa cha mdosi na luku haikuja kabisa.

Chali asiye na AR alfa alikuwa kinyume. Rangi kali, korodani kubwa, ukimwona unamsalimu kwa heshima. Alafu dem anapita mbele yake na hafanyi kitu. Hakatii, hatunishi, luku yote ile na hana la kusema.

Kuna vitu vingine kopi hizo mbili zilisaidiana. Kumvamia chali mwingine, kopi moja yoyote ilitosha. Lakini chali aache kutoroka madem, zote mbili zilihitajika. Waandishi wakasema wazi kwamba cheo cha huyu samaki kimegawanywa vipande, na kila kopi inashika vipande vyake.

Fikiria hiyo kidogo. Sisi mtaani tukiona msee amevaa fiti na anatembea kifua mbele, tunachukulia ni kitu moja, luku na ubabe vimekuja kwa mfuko mmoja. Kwa huyu samaki hizo ni nyaya mbili tofauti, na zilitenganishwa juu ya ajali ya kunakili DNA iliyotokea kabla hata dinosau hajatokea duniani. Na mimi naona hapo ndio nguvu yake. Mtaa wake haukai sawa. Leo una ploti, kesho kiboko amepita hapo na shimo lako limeisha, ama ziwa limepanda na vidimbwi vyote vimemezwa. Samaki mwenye ana nyaya mbili anaweza kuzipima kila moja kivyake. Pundamilia wa maji, yule samaki wa matangi ya maabara anaitwa zebrafishi, yeye alipoteza kopi moja na amebaki na AR moja tu kama sisi.

Na luku yenyewe, ile rangi, nayo imejaa makopi. Kumbuka yale madoa ya manjano kwa pezi la chini. Hayo yana kazi. Dem wa huyu samaki anataga mayai machache, anageuka, anayaokota kwa mdomo, na atakaa nayo humo karibu wiki mbili bila kudishi. Chali anatandaza pezi lenye madoa mbele yake. Dem anaona kama kuna yai limebaki, anaenda kuliokota, na hapo ndio anapata mbegu za kurutubisha yale yako mdomoni. Samaki wa ukoo wa burtoni wako zaidi ya elfu moja kwa maziwa na mito ya Afrika, na madoa kama haya yamesambaa sana kati yao.

Mwaka 2007 Walter Salzburger na wenzake walionyesha kwamba jeni moja yenye inahusika na hayo madoa ni csf1ra. Hiyo ni jeni ya kipokezi, cha kupokea ujumbe nje ya seli. Kwa binadamu ndugu yake mmoja yuko kazini kwa seli za kinga, zile zinameza vijidudu. Samaki walipata kopi mbili kwa ile nakala ya mara ya tatu, na moja ikaingia kwa kazi ya rangi ya manjano. Mwaka 2014 Emília Santos na timu ya Basel wakaongeza ingine, fhl2b, kopi ya pili ya jeni ya kitambo, yenye kipande cha DNA inayorukaruka kilitua karibu nayo na kuiwasha kwa ngozi ya pezi. Ujumbe uliokuwa wa ndani ya mwili, seli kwa seli, sasa umetoka nje, chali kwa dem.

Macho ya kuisoma hiyo luku yamepitia njia hiyo hiyo. Sisi tunaona rangi kwa jeni tatu za opsini, protini za kunasa mwanga ndani ya jicho, na nyekundu na kijani zetu ni kopi za jeni moja zilizotengana kwa mababu wa nyani na sokwe. Hawa samaki wako na jeni saba za rangi, na kila aina inawasha zile zinamfaa kwa maji yake.

Kunakili hakujaisha. Mwaka 2014 pia zilisomwa jenomu za samaki watano wa Afrika wa huu ukoo. Mmoja ni burtoni wetu. Mwingine ni Pundamilia nyererei wa Ziwa Victoria, chali mwekundu mwenye amebeba jina la Mwalimu Nyerere. Mwingine ni Neolamprologus brichardi, na huyo jina lake linarudi hapa mtaani. Pierre Brichard alikuwa Mbelgiji, aliweka hapa Buja biashara ya kutuma samaki wa rangi kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Mababu wa hawa samaki wa maziwa walionekana wamenakili jeni mara nyingi kuliko samaki wengine. Na Tanganyika peke yake ina aina kama 240 za huu ukoo, kuanzia hako ka kiganja hadi kuhe mwenye anafika sentimita 80 na anatosha kulisha familia.

Lakini luku inataka mwanga. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kule Victoria kwamba maji yakiwa machafu, dem hawezi kutofautisha rangi za machali, anachagua ovyo, na aina zinaanza kuchanganyika hadi zinapotea. Sasa panda juu ya daraja la Ntahangwa siku mvua imenyesha milimani. Maji ni kahawia tupu, udongo wa mashamba na takataka za mji vinashuka pamoja, na Muha na Kanyosha zinaleta yao. Ukiangalia kutoka ufukweni unaona mkanda wa tope umeingia mbali ziwani, na ng'ambo yake samawati inaanza. Mwaka 1993 Andrew Cohen na timu yake walishaandika kwamba sehemu za ziwa zenye tope jingi kutoka nchi kavu zina aina chache za viumbe kuliko zile safi.

Hiyo inaniuma. Hiyo saini ya manjano kwa pezi ilichukua ajali ya miaka zaidi ya milioni 300 iliyopita, kipokezi cha seli za kinga kubadilisha kazi, na opsini saba za kuisoma, na mvua moja ya Aprili inaizima kwa nusu siku. Na kuna wera hapo yenye haingoji maabara ya Stanford. Msee wa biolojia pale kampasi ya Mutanga, Chuo Kikuu cha Burundi, akiwa na wavu mdogo, ndoo na simu yenye kamera, anaweza kuhesabu machali wangapi wamewaka na wangapi wamepauka kwa vidimbwi vya upande wa Rusizi, alafu apige hesabu hiyo hiyo mdomoni mwa Ntahangwa, kiangazi na masika. AR beta iko kwa wote. Swali ni kama ploti kwenye tope bado inawasha rangi wakati hakuna dem anaiona. Vaa viatu vya mpira, nenda asubuhi, na uliza wavuvi kwanza viboko wamelala wapi.